Atichoki, Chai na Kidole cha Mzee Muchiri

Jambo lote liligharimu sufuria mbili za aluminiamu, kibuyu kimoja cha maziwa lala, wateja tisa walioapa hawatarudi (saba walirudi), na ukucha mmoja wa Mzee Muchiri. Nimehesabu mara mbili. Ukucha ulikwenda, kidole kikabaki, na kidole kilipobaki mguu nao ukabaki, na mwenye mguu akazunguka shamba lake akilikanyaga mwenyewe. Mkinionyesha biashara nyingine yenye faida kama hiyo, mimi mzee nitafunga leso kiunoni nirudi jikoni kesho asubuhi.

Nyinyi vijana mnaopika hapa Eldoret siku hizi hupenda kuniuliza, "Mama Tabitha, siri yako ilikuwa nini?" Mnangoja niseme kitunguu. Siri ni kununua. Anayenunua vibaya, hata akipika vizuri, anapika hasara. Mimi nilikuwa na hoteli nyuma ya soko: meza sita, jiko la kuni, na kibao ambacho mvua ilikuwa imefuta nusu ya jina. Ilikuwa ile miaka ya uhuru, Wazungu wanauza mashamba na watu wanachanga kununua. Wengine walitoka huko Mlima Kenya na magodoro juu ya malori. Wengine walikuwa wenyeji wa hapa hapa, Ziwa na Soy, wakichanga vile vile. Kila kikundi kilihitaji meza ya kubishania, na mabishano huleta njaa. Sikununua hata hisa moja wakati ule, lakini karibu kila aliyenunua alinunua akiwa na chai yangu tumboni.

Kwanza mjue atichoki yenyewe, maana wengine wenu mmeiona kwa picha tu. Ni tumba la ua, ukubwa wa ngumi mbili, kijani, limefunikwa na magamba kama kakakuona, na kila gamba lina mwiba wake mdogo. Kabla halijafunguka ni mboga. Likifunguka ni ua la zambarau: nyuki wanafurahi, wewe umekosa chakula. Ukiwa sokoni, ishike kwa mikono miwili uifinye karibu na sikio. Iliyochumwa leo inalia kama kiatu kipya. Iliyolala inanyamaza. Mwenye kuuza akikwambia hii hainyamazi, inapumzika, teremsha bei.

Hayo nilifundishwa na Mzee Wekesa. Alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja upande wa Soy, na Mzungu alipouza shamba na kuondoka, Wekesa alibaki na aproni mbili, baiskeli, na bustani ambayo mnunuzi mpya alikuwa bado hajaja kuilima. Siku ya kwanza kumwona alikuwa ameegesha ile baiskeli sokoni, gunia limejaa, na wauza mboga wamemzunguka wakimcheka.

"Mzee, leo umevuna miiba?"

"Wapelekee mafundi seremala, wamekosa misumari!"

Mimi nikicheka kitu huwa nimeshaanza kukipigia bei kichwani. Nikasogea.

"Mzee, hii ni nini?"

"Atichoki, Mama. Chakula cha Bwana na Memsab."

"Na wao wako wapi?"

"Wameenda kwao."

"Sasa kama ni tamu, mbona wameiacha?"

"Hata piano wameiacha, Mama. Hiyo si kusema piano ni mbaya."

Nikampenda hapo hapo. Mtu anayejibu hivyo akiwa na njaa ni mtu wa kufanya naye biashara. Yeye alitaka pesa, mimi nilitaka kutoa chakula. Nilianza na githeri na chai ya siku tatu kwa gunia zima. Yeye akasema siku kumi. Tukakutana kwa wiki moja, na kila mmoja akaondoka akiamini amemnyonya mwenzake. Hiyo ndiyo bei nzuri. Ikiwa ni mmoja tu anayetabasamu, kesho hamtauziana tena.

Kisha nikafanya ujinga wa mpishi mwenye jina. Sikuuliza inapikwa vipi. Nilisema moyoni, mboga ni mboga. Nikaikatakata kama kabichi, nikakaanga na kitunguu ndani ya sufuria ya aluminiamu, nikawapakulia watu wa meza mbili waliokuwa wanabishana juu ya ng'ombe wa kugawana. Mboga iligeuka rangi ya maji ya kuoshea lori. Na ndani ya atichoki, katikati kabisa, kuna manyoya, laini kama ya kifaranga, ambayo yakifika kooni yanakataa kupanda na yanakataa kushuka. Mabishano ya ng'ombe yalikwisha. Watu tisa walikohoa kama kwaya.

"Mama, umetupikia ufagio?"

Kesho yake nilirudia katika sufuria nyingine, ili nihakikishe kama kosa lilikuwa la mboga au la sufuria. Lilikuwa la sufuria pia: zote mbili za aluminiamu ziliingia weusi usiotoka. Ndiyo maana nasema sufuria mbili.

Wekesa alikuwa kwenye kona anakula githeri yake, ile ya mkataba wetu. Akamaliza kutafuna, akafuta mdomo.

"Mama, umepika kuku na manyoya yake."

"Na wewe umekaa hapo unaniangalia?"

"Ulinunua gunia. Mdomo hukununua."

Ikabidi niongeze siku mbili za githeri ili anifundishe. Nawapa nyinyi bure, kwa hivyo sikilizeni vizuri. Kata kichwa cha juu, karibu theluthi moja, ukitumia kisu kikali. Punguza ncha za magamba kwa makasi. Kila mahali ulipokata, paka ndimu haraka, la sivyo inakuwa nyeusi kama ndizi iliyogongwa. Usitumie aluminiamu wala chuma kitupu. Tumia sufuria ya enameli, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, au chungu. Maji, chumvi, kipande cha ndimu, funika. Wekesa aliniambia robo tatu ya saa, na kwangu ikakataa, kwa sababu hapa Eldoret tuko juu, na maji ya huku huchemka upesi lakini huivisha kwa uvivu. Usiangalie saa. Vuta gamba la nje: likitoka bila kubishana, imeiva. Kisha kijiko, uingie katikati, ukwangue manyoya yote mpaka uone sahani ndogo nyeupe. Hiyo wanaiita moyo. Hiyo ndiyo nyama yake.

Kula nako ni kazi. Unavuta gamba moja, unachovya kwa samli yenye chumvi na ndimu, au kama mimi, kwa maziwa lala ya kibuyu, unaburuta ile sehemu ya chini kwa meno ya mbele, unatupa lililobaki. Mteja mmoja mkorofi alikula tatu hivyo, kisha akaniita na kunionyesha rundo la magamba.

"Mama, angalia mwenyewe. Chakula chako hiki hapa, chote. Sijala kitu. Nirudishie."

"Na mifupa ya mbuzi uliyokula jana, uliirudisha pia?"

Alilipa. Lakini nilijifunza kuweka bakuli pembeni na kuliondoa kila likijaa, mteja asipate ushahidi.

Hata hivyo, ukweli ni kwamba haikuuzika. Watu wa mashamba walitaka kitu kizito. Kila wiki Wekesa analeta gunia, kila wiki mimi nabaki na nusu. Nilikuwa karibu kuvunja mkataba. Ndipo Mzee Muchiri alipoanza kuja na kiatu kimoja na ndara moja.

Mzee Muchiri alikuwa mwenyekiti wa kikundi kimoja kilichonunua shamba kupita Ziwa. Mtu mrefu, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari, tena vya kurundika, na akikoroga kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe kufikiri. Halafu akaanza kukonda. Akawa anamaliza jagi la maji peke yake na kukimbilia chooni katikati ya mkutano. Kiatu kipya kikamchubua kidole gumba cha mguu, na kidonda kikakataa kupona. Binti yake Wanjiru, ambaye alikuwa nesi hospitalini, akamvuta kwa daktari. Ni ugonjwa wa sukari. Akapewa vidonge, akakatazwa sukari, na ugali ukapunguzwa mpaka ukubwa wa ngumi ya mtoto. Daktari alimwambia wazi: sukari ikishuka, kidonda kitafunga, isiposhuka, kidole kitakatwa, na kisu kikianza na kidole hakiahidi kitaishia wapi.

Na hapo kuna jambo la shamba. Kikundi chao kilikuwa na sheria. Siku ya kuonyeshana vipande, kila mwenye hisa anatembea mpaka wake kwa miguu yake, bikoni hadi bikoni, zile nguzo za mpaka, majirani wote wakimfuata na kushuhudia. Hakuna kutuma mtu. Walikuwa wamesikia shamba jingine ambako mtu alimtuma shemeji yake, na mpaka ukahama kidogo kidogo kama ng'ombe anayejifanya halioni hindi. Asiyetembea angengoja mwisho na kuchukua kitakachosalia, na kilichokuwa kinasalia kilijulikana: kule kwenye matope, mahali pa vyura. Sheria hiyo aliitunga Mzee Muchiri mwenyewe, wakati ana vidole kumi vizima. Sasa wapimaji walikuwa wanakuja baada ya msimu wa kupalilia, na yeye hakuweza kuvuka barabara bila kushika ukuta.

Wanjiru alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kazini, na kofia yake ya unesi kichwani.

"Mama Tabitha, baba akija hapa, usimpe sukari. Hata akilia."

"Na akilia kweli?"

"Mpe kitambaa."

Mzee akaja. Nikamwekea chai bila sukari. Nyinyi mnajua kwetu chai bila sukari ni kumwambia mgeni njia ya kurudi kwao anaijua. Aliionja, akaitazama.

"Mama, hii ni nini?"

"Chai, Mzee."

"Chai ya nani?"

"Ya daktari."

"Basi mpelekee daktari."

Akatoka, akaenda hoteli ya jirani, na kule hakuna aliyempimia kijiko. Siku hizo sukari ilipimwa kwa mkojo. Unatiwa kwenye kibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, unachemshwa kwa moto wa spiriti. Ukibaki buluu, shukuru. Ukienda kijani, jihadhari. Manjano ni mbaya, na ukifika rangi ya tofali, ita watoto. Cha Mzee Muchiri kilikuwa tofali kila wiki. Wanjiru alisema ungeweza kujenga choo nacho.

Siku moja alirudi kwangu kwa njaa. Ule ugali wa ngumi ya mtoto ulikuwa umemshinda. Mimi nina nusu gunia la atichoki lisilouzika, na mbele yangu mtu mwenye njaa asiyeruhusiwa viazi. Hata mjinga angejua kuunganisha hayo mawili.

"Mzee, kaa. Nitakupa kitu kikubwa ambacho binti yako hawezi kukasirikia."

Akaiangalia ile kwenye sahani. "Nifanye nini na hii?"

"Vuta gamba, chovya, buruta kwa meno, tupa."

"Kama mbuzi?"

"Mbuzi hatupi."

Alikula mbili, polepole, maana atichoki haikubali haraka. Tumbo linajaa wakati mdomo bado unatafuta. Akala na mioyo yote miwili. Kisha nikamwekea ile chai ya daktari. Alikunja uso kabla hajainusa. Akanywa. Uso ukakunjuka. Akatazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, akainama na kunong'ona kwa ile sauti yake ambayo kunong'ona kwake kulisikika mpaka meza ya tano:

"Mama Tabitha, Mungu akubariki. Sitamwambia Wanjiru."

"Hutamwambia nini?"

"Hiyo hiyo. Hatujaongea."

Akanikonyezea jicho. Nilidhani ananidhihaki. Kesho yake akarudi, atichoki mbili, chai bila sukari, akanywa vikombe viwili na kulamba mdomo. Wiki mbili akawa hivyo. Nikaanza kumshuku: huyu mzee ana sukari kwenye koti. Kila akiinama nilikuwa natazama mkono wake. Nililiangalia bati langu la sukari jioni na asubuhi, na lilikuwa vile vile. Kwa hivyo si yangu. Lakini furaha ile ilikuwa ya sukari. Mimi nimehudumia watu miaka mingi, naijua sura ya mtu aliyekunywa tamu.

Kosa lake Mzee lilikuwa kusifu. Nyumbani alisifu chai yangu mpaka Wanjiru akasimamisha kijiko hewani. Kesho yake aliingia hotelini kwa hatua za askari. Baba yake, ili kumtuliza, akamkaribisha: "Kula kwanza, mtoto wangu, ndiyo adabu." Akampa moyo mzima wa atichoki. Msichana alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajala. Akaumeza, kisha akanyakua kikombe cha baba yake na kuonja.

Akakibwaga kikombe mezani. 

"Mama Tabitha. Unamuua baba yangu kwa kijiko."

"Wanjiru, naapa—"

"Nimeonja mwenyewe! Ulimi wangu ni wa kwangu!"

Akamshika baba yake mkono, wakaondoka. Watu wa meza zote wakanitazama kama mtu aliyetia mchanga kwenye mizani. Hamjui uchungu wa kuitwa mwongo kwa kitu ambacho hata kukifanya hukukifanya. Kama ningekuwa nimeweka sukari, angalau ningekuwa nimemfurahisha mteja kwa gharama yangu. Mimi hata gharama sikuingia!

Mzee Muchiri hakuonekana tena. Nilisikia kwamba nyumbani anapewa chai bila sukari na anaimwaga dirishani, na kwamba kuna duka moja linamuuzia peremende. Kidole kilianza kuwa na rangi isiyopendeza. Wapimaji walikuwa wamekwisha kufika Ziwa na vyombo vyao. Wenye hisa waliokuwa wanakunywa chai kwangu walianza kuzungumza juu ya matope ya vyura kwa sauti ya chini, kila mmoja akisema ni huruma, na kila mmoja akihesabu nani atasogea juu.

Halafu siku moja mchana Wanjiru alisimama mlangoni, Mzee nyuma yake akichechemea na fimbo.

"Mama," akasema, "nimekuja kukuomba msamaha ama kukushika. Bado sijajua ni gani."

"Ingia. Yote mawili yanafanywa ukiwa umekaa."

Akakaa, akaeleza. Zile wiki mbili baba yake alizokula kwangu, kibomba kilikuwa kinashuka: tofali, chungwa, manjano. Tangu amtoe kwangu, kimerudi tofali. "Sasa Mama, kama ulikuwa unampa sukari, ingekuwaje sukari ishuke? Nimefikiria mpaka nimechoka. Leo nataka kuona kwa macho yangu."

Hiyo ndiyo heshima yangu kwa yule msichana mpaka leo. Wengi wakishakuita mwizi hawarudi kuhesabu tena. Yeye alirudi.

Akamvua baba yake koti, akageuza mifuko yote: msumari, kipande cha kamba, nusu kalamu. Hakuna sukari. Akasimama jikoni karibu na Wekesa, ambaye siku hizo alikuwa amehama kutoka githeri na kuwa mpishi wangu wa pili, akaangalia maji yakitiwa, maziwa yakitiwa, majani yakitiwa. Bati la sukari nikalipeleka kwa jirani kabisa. Chai ikaiva. Wanjiru akaonja.

"Haina."

"Nilikwambia."

Mzee akala atichoki zake mbili, akanywa kutoka birika lile lile. "Tamu," akasema.

"Baba!"

"Tamu. Unataka niseme uongo?"

Wanjiru akaonja kikombe cha baba yake. Haina. Mzee akaonja tena. Tamu. Walipokezana kikombe kile kama watu wanaogombania kondoo, mpaka chai ikapoa na mimi nikaanza kuamini mmoja wao ni mwehu, na kwa heshima nikatumaini ni Mzee.

"Ngoja," Wanjiru akasema. "Mama, siku ile nilikuja na kelele. Niambie kila kitu nilichofanya, kuanzia mlangoni."

"Uliingia bila hodi. Hukunisalimia. Baba yako akakupa moyo wa atichoki, ukaula kama—"

Akainua mkono. "Nipe moja."

Nikampa. Akala wote, taratibu, macho yake kwenye kikombe. Akafuta midomo. Akanywa chai ile ile baridi. Sitasahau ule uso. Akaweka kikombe chini, akaenda kwenye mtungi, akachota maji, maji matupu ya mvua, akanywa.

"Mama Tabitha. Maji ni matamu."

"Maji gani?"

"Haya! Kula halafu unywe!"

Nikala, nikanywa. Vijana, maji yalikuwa matamu kama yamepita kwenye mzinga. Niliruka, mkono ukagonga rafu, kibuyu cha maziwa lala kikashuka na kupasuka, na hakuna aliyejali. Tukacheka mpaka wapita njia wakachungulia. Mzee Muchiri tu ndiye aliyekuwa amenuna.

"Kwa hivyo siku zote hukuniwekea sukari? Na mimi nimekuwa nikikuombea kwa Mungu!"

Wekesa alikuwa amesimama na mwiko hewani. "Sasa naelewa," akasema. "Memsab alikuwa hakubali divai pamoja na atichoki. Alikuwa anasema inaharibika. Miaka yote nilidhani ni maringo."

Niwaonye hapa, maana najua mtakimbia kuandika kwenye vibao vyenu kwamba mnatibu sukari. Niliwajaribu wateja wengi baadaye. Kuna wengine hawasikii utamu wowote, wanakunywa na kukutazama kama tapeli. Na Wanjiru aliniambia neno nililomrudishia kila mgonjwa aliyefika mlangoni kwangu: "Ulimi unadanganywa, damu haidanganywi." Mboga ile ilikaa mahali pa ugali na viazi, ikajaza tumbo bila wanga mwingi, na ikamsaidia mtu kuacha vijiko vyake vitano bila kuomboleza. Vidonge alimeza. Kidonda kilioshwa kila siku. Atichoki haikuchukua kazi ya daktari. Ilimwondolea daktari mshindani.

Kuanzia hapo Mzee alikula kwangu mchana na Wanjiru akampikia jioni, kwa chungu nilichomkopesha. Kibomba kikatoka tofali. Kikakaa manjano tukakitukana, kikafika kijani tukanyamaza tusikitie mkosi. Siku kilipobaki buluu, Wanjiru alikimbia nacho kutoka hospitalini mpaka sokoni, amekishika juu kama kombe la mpira, akakisimamisha juu ya meza yangu katikati ya watu wanaokula.

"Mama, angalia rangi!"

"Rangi nzuri," nikasema. "Sasa ondoa mkojo kwenye meza ya chakula."

Ukucha ulidondoka. Kidonda kikafunga.

Siku ya vipande nilikwenda. Pale penye watu mia wamesimama shambani bila kivuli, mwenye birika ni mfalme. Majina yakasomwa. Aliposikia lake, Mzee Muchiri akamkabidhi fimbo yake Wanjiru, ambaye alikuwa amemvalisha soksi mbili na viatu vipana vilivyokwisha kulegezwa. Wale waliokuwa wakizungumza juu ya matope ya vyura walimfuata nyuma, macho kwenye kiatu chake cha kulia. Hakuchechemea. Alitembea kama anapima kitambaa cha suti. Bikoni ya kwanza aliipiga kofi kama shavu la rafiki. Ya pili pia. Mteremkoni mtu mmoja alimwambia, "Mzee, pumzika, tutakungoja," na yeye akajibu bila kugeuka, "Wewe pumzika. Mimi niko kwangu." Alipofika bikoni ya mwisho, juu ya kilima, alivuta pumzi akapiga kelele iliyofanya ng'ombe wa ng'ambo wainue vichwa. Watu wakapiga makofi, hata wale wa vyura. Wanjiru alilia, na mimi nikampa kitambaa.

Mzee akakaa juu ya jiwe lake. Nikamfungulia kikapu: atichoki mbili, na maji. Akala, akanywa, akafumba macho.

"Mama Tabitha, sema unataka nini. Niko kwenye ardhi yangu, naweza kuwa mjinga."

"Nipe kaukanda kando ya mto, upana wa trekta, nipande machipukizi ya Wekesa kabla bustani ya kule Soy haijalimwa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mimea hii ife yenyewe."

"Mboga? Sawa kabisa!" Akanipa mkono mbele ya mashahidi wote.

Alidhani ni kama kabichi. Sikumwambia kwamba atichoki hufa majani tu, halafu shina linachipua upya na kuzaa watoto pembeni, na ukiwahamisha watoto hao haina mwisho. Alipogundua alikwisha kuwa mzee zaidi, vidole kumi vyote vikiwa mahali pake, na alicheka mpaka akakaa chini. Ukanda ule upo mpaka leo. Mimi ambaye sikununua hisa, ninavuna kando ya mto kila mwaka.

Sasa nami nina shida, na ndiyo maana nimewaita. Juzi Wanjiru, naye sasa ana mvi na miwani, alinipima kwa kile kimashine chao kidogo, akanitazama juu ya miwani ile. "Mama, ni zamu yako. Ugali ngumi ya mtoto." Nikamwambia sina wasiwasi, ninalo shamba zima. Nikaenda nikachuma moja iliyolia vizuri kabisa sikioni, nikaipika kwa chungu, nikavuta gamba, nikachovya, nikaburuta.

Meno yangu ya mbele yamebaki mawili. Nimehesabu mara mbili. Moja liko juu kushoto, jingine chini kulia, na tangu yazaliwe hayajawahi kukutana.

Moyo wake nakula, lakini moyo ni mmoja na magamba ni mengi, na mimi siwezi kuzeeka nikitupa chakula. Msiniambie nisage, nimejaribu, inarudi kuwa ule ufagio. Nimewafundisha kununua, kukata na kupika bila kuwatoza hata sahani ya githeri. Kwa hivyo mmoja wenu mwenye akili anishauri: gamba la atichoki linaburutwaje na mtu wa meno mawili yasiyosalimiana? Njoo na jibu. Chai iko tayari, na usiniulize sukari iko wapi.